Binti amechaguliwa kusoma baiolojia: tuulize nini kabla ya kukataa



Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, ofisi ya kamati ya msikiti hugeuka ofisi ya ushauri. Mzazi mmoja huja kuomba barua ya utambulisho, mwingine huuliza kama mfuko wa elimu una chochote, na mwingine hukaa tu jamvini mpaka watu waondoke ndipo aseme lililomleta. Mwaka huu lililojirudia zaidi ni la baiolojia. Kijana, na mara nyingi zaidi binti, amesoma PCB au CBG, amefaulu, lakini alama hazikufika za udaktari, na chuo kimemchagua kwa shahada ya kwanza ya sayansi katika baiolojia au tawi lake mojawapo. Nyumbani panazuka mvutano. Mama anataka mtoto aende. Ami, ambaye ndiye walii baada ya baba kufariki, anakataa: huko watoto hupasua mizoga, hufundishwa kwamba binadamu alitokana na nyani, wavulana na wasichana hukaa benchi moja mpaka jioni, kisha baada ya miaka mitatu mtoto hurudi nyumbani na cheti kisicho na kazi.

Hayo ni maneno ya mtu mwenye dhamana, wala si ya kuchekwa. Nimewasikia vijana wetu wasomi wakiyapuuza kwa kusema kwamba wazee hawajui mambo. Mimi naona ami anajua mambo mawili au matatu ambayo msomi hajayafikiria, na hayajui mengine ambayo angeambiwa kwa adabu angeyasikiliza. Basi tuyapitie.

Kwanza tujue kinachosomwa. Shahada hii ni ya miaka mitatu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha sayansi kilianza mwaka 1965, baiolojia imegawanyika: kuna elimu ya wanyama, sayansi ya mimea, mikrobiolojia, baiolojia ya molekuli, sayansi za viumbe wa majini na uvuvi, na uhifadhi wa wanyamapori. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, kina shahada ya sayansi pamoja na ualimu. Na Unguja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina masomo ya namna hiyo. Mwaka wa kwanza mwanafunzi huanza na seli, makundi ya mimea na wanyama, kemia na hesabu za takwimu. Baadaye huja urithi wa tabia za viumbe, utendaji wa mwili, vijidudu na mazingira. Mwaka wa mwisho huwa na utafiti mdogo anaoufanya mwenyewe chini ya mwalimu.

Na maabara ndiyo moyo wa masomo hayo. Kipindi kimoja cha vitendo huchukua saa mbili hadi tatu. Mwanafunzi hukaa mbele ya hadubini, huandaa kioo chake, hutazama, kisha huchora kwa penseli alichokiona. Mchoro wa baiolojia hauna kivuli wala madoido, na mistari ya kuonyeshea sehemu huchorwa kwa rula. Jambo linalowashinda wengi si kuchora; ni kuandika walichokiona badala ya kilichomo kitabuni. Kioo kikiwa kibaya na seli hazionekani, mwanafunzi mwaminifu huandika kwamba hazikuonekana. Asiye mwaminifu hunakili mchoro wa jirani. Mzazi anayedhani maabara haina uhusiano na malezi yake akae na mtoto wake amsimulie hilo. Atakuta kwamba ile amana aliyomfundisha tangu chuoni, akiwa na juzuu mkononi, ndiyo inayopimwa pale.

Jambo la pili, ambalo watu wa Tanga tuna haki ya kulisema kwa sauti, ni kwamba elimu hii si ngeni kwetu. Huenda hakuna pwani nyingine ya Afrika Mashariki iliyokaa na maabara kwa muda mrefu kama hii yetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya baiolojia na kilimo kule Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Walileta miti kutoka kila pembe ya dunia wakaijaribu pale. Waingereza walipochukua nchi walikifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, na huko, katika miaka ya 1930, mtaalamu aitwaye Storey alishughulika na maradhi ya muhogo wetu. Lile la majani kukunjamana na kuwa na mabaka, tunaloliita batobato, na lile la michirizi ya kahawia, ambalo shina linaonekana zima lakini ukichimba na kukata unakuta muhogo umeoza ndani kwa mabaka makavu. Mkulima wa Pangani au Mkinga hahitaji kuelezwa maana yake. Anajua kwamba ni njaa iliyojificha ardhini.

Njia waliyoitumia ilikuwa kuchanganya mbegu. Walichukua muhogo wakauchavusha na nduguye, ule mti wa mpira uliopandwa zama za Wajerumani, ambao majani yake akina mama wa Tanga mpaka leo huyatwanga kuwa kisamvu cha mpira. Vizazi vilivyotoka vilichanganywa tena na muhogo mara kadhaa ili mizizi iwe ya kulika na ule ukakamavu wa mpira dhidi ya maradhi ubaki. Mbegu nyingi stahimilivu zilizoenea Afrika baadaye zina asili katika kazi hiyo. Hapo hapakuwa na muujiza wowote: palikuwa na watu waliokaa na poleni, daftari na subira. Na katika majengo yale yale ya Amani, baadaye, likaja suala la malaria. Leo kituo cha Amani kiko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa mwaka 1979, na makao yake yako Muheza.

Wazee wa Tanga mjini watakumbuka pia mbung'o. Katika miaka ya 1990 mbung'o waliokuwa wakiwaua ng'ombe wa Unguja kwa maradhi ya nagana walimalizwa kwa njia inayostaajabisha, na kiwanda chake kilikuwa hapa hapa Tanga, katika taasisi ya utafiti wa mbung'o. Walifugwa kwa wingi, wakalishwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba, kisha madume yakapigwa mionzi ili yasiweze kuzalisha. Yakapakiwa kwenye maboksi, yakapandishwa ndege, yakamwagwa juu ya misitu ya Unguja. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume tasa, uzao wake umekwisha. Kati ya mwaka 1994 na 1997 yalimwagwa madume zaidi ya milioni 8, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Nani waliokuwa wakilisha mbung'o hao kila siku, wakihesabu na kutenganisha? Wengi walikuwa watu wa kwetu, waliofundishwa kazi ya maabara.

Na Korogwe palikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, katika jaribio lililoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Nyuma ya habari hiyo kubwa kulikuwa na maelfu ya vioo vya damu vilivyopakwa, vikatiwa rangi, vikasomwa kimoja kimoja chini ya hadubini. Mtu anayesoma kioo akisema hapana vimelea ilhali vipo, mtoto anaweza kufa. Sasa mimi huuliza: kazi ya namna hii, inayofanyika kwenye ardhi yetu na juu ya miili ya watoto wetu, tunataka ifanywe na watoto wa nani?

Turudi kwa ami na mizoga yake, kwani hapa ana hoja kuliko anavyodhaniwa.

Kupasua wanyama ni sehemu ya masomo haya: mende, chura, panya, wakati mwingine samaki. Wengi hawajui kwamba binti yao aliyemaliza PCB ameshapasua tayari, kwa sababu mtihani wa vitendo wa baiolojia wa kidato cha sita huwa na sehemu hiyo. Miaka miwili alifanya na hakuna aliyeuliza. Tunashtuka anapotaka kwenda chuo kikuu. Lakini kuchelewa kuuliza hakulifanyi swali kuwa baya. Damu na mzoga ni najisi, na najisi dawa yake inajulikana: glavu, aproni au koti, na maji. Mwanafunzi abadilishe nguo au aoshe palipoingia najisi kabla ya swala. Hilo ni jepesi.

Zito ni la chura. Katika Sunan Abi Daud imepokewa hadithi ya tabibu aliyemuuliza Mtume (s.a.w) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza chura asiuawe. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameizingatia hadithi hiyo. Panya, kinyume chake, ni katika wanyama ambao hadithi imeruhusu kuwaua. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiislamu ana njia iliyo wazi: amwendee mwalimu mapema, mwanzoni mwa muhula na si asubuhi ya mtihani, aombe panya au mende mahali pa chura. Walimu wengi hukubali, kwa sababu lengo ni kuona mpangilio wa viungo, na panya anafanana na binadamu kwa viungo vyake kuliko chura. Ikiwa chura amekwisha kuuawa na fundi wa maabara, na mwanafunzi amekuta yuko tayari kwenye trei ya nta, mas'ala yanakuwa mengine, na hapo nampeleka kwa sheikh wake, kwani kazi yangu ni ukatibu wa kamati, si kutoa fatwa. Ninachosisitiza ni kwamba aulize. Pia asikubali mnyama ateswe. Panya huwekwa kwanza ndani ya chombo chenye klorofomu mpaka afe. Mwanafunzi anayeanza kukata mnyama akiwa bado anatikisika amekosea kwa sheria za maabara na kwa dini yake pamoja. Yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka tumemsoma sote.

Kuna mambo madogo yanayosumbua vijana bila sababu. Spiriti ya kuhifadhia vielelezo haikuwekwa pale inywewe, na masheikh wamelizungumza suala la spiriti ya kusafishia kwa urefu, kijana asome. Ule utelezi wa agari unaooteshewa bakteria kwenye visahani hautokani na nguruwe kama nilivyowahi kusikia ukisemwa. Hutokana na mwani wa baharini, jamaa wa ule wanaoulima akina mama wa pwani yetu. Mwezi wa Ramadhani, kazi za maabara hazifunguzi saumu. Zamani wanafunzi walivuta vimiminika kwa mdomo kwenye bomba la kupimia, na hapo kulikuwa na hatari ya kumeza. Siku hizi maabara nzuri hukataza kabisa na kutoa kivutio cha mpira.

Sasa la nyani. Ndiyo, mwanafunzi atafundishwa nadharia ya mabadiliko ya viumbe, na ataulizwa kwenye mtihani. Ushauri wangu kwa wazazi ni kutofautisha. Kuna mabadiliko ambayo kila mzazi mwenye umri wangu ameyashuhudia nyumbani kwake. Tulikunywa klorokwini, mwaka 2001 serikali ikaiacha kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, ikaja SP, nayo ikashindwa, na mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Vimelea vichache vilivyohimili dawa vilibaki, vikazaana, vikajaa. Mbu nao wamekuwa hivyo kwa baadhi ya dawa za vyandarua. Mwanafunzi asiyeelewa jambo hilo hawezi kuokoa mtu, na sioni aya wala hadithi inayomzuia kulielewa.

La asili ya Nabii Adam (a.s.) ni la wahyi, na hadubini haifiki huko. Kijana ajifunze wanayosema, ayaandike mtihanini kama maelezo ya wanayosema, na imani yake ibaki mahali pake. Kujua kauli ya mtu si kuifuata. Wanazuoni wetu walizisoma falsafa za Wagiriki neno kwa neno kabla ya kuzijibu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tisa ya Miladia, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama. Ibn an-Nafis, aliyefariki mwaka 1288, akiwa tabibu na mwanachuoni wa fiqhi ya Shafi, ndiye aliyeeleza kwamba damu hupita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili, akimpinga Galen aliyeaminiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kinachonitia hofu mimi si kijana anayesikia nadharia ile akiwa amesoma dini yake. Ni yule tuliyemtoa madrasa darasa la sita ili apate muda wa tuisheni, kisha tunamtarajia akiwa na miaka ishirini ajibu maswali ambayo hatukumpa hata herufi za kujibia. Hilo ami asimlaumu mwalimu wa baiolojia.

Kuhusu benchi moja na wavulana, sitapamba. Vyuo vingi huweka makundi ya wanafunzi wanne au watano kwa hadubini moja, na orodha hupangwa kwa alfabeti. Mabinti wanaweza kuomba kuwekwa pamoja. Ombi likiletwa na mabinti wanne kwa heshima, wiki ya kwanza, kwa kawaida halina gharama kwa mtu yeyote. Koti la maabara ni refu na pana, kwa hiyo kwa upande wa stara ni rafiki. Tatizo ni ushungi wa nailoni na mikono mipana karibu na moto wa gesi. Mama amnunulie binti shungi mbili za pamba, fupi kiasi cha kuingia ndani ya koti, na vikaza mikono. Kijana wa kiume naye aangalie ratiba: kundi la maabara la Ijumaa mchana lisimkose swala. Aombe kubadilishiwa kundi mapema.

Safari za mafunzo, wanafunzi huziita fildi, zinahitaji maswali zaidi. Huenda wakalala siku kadhaa msituni au ufukweni. Mzazi ana haki ya kupiga simu idarani na kuuliza: wanalala wapi, je, kuna mwalimu wa kike, wasichana ni wangapi? Idara inayokasirishwa na maswali hayo imejieleza. Suala la mwanamke kusafiri pamoja na wanawake waaminifu limejadiliwa na wanazuoni wetu. Familia ikae na sheikh wake ipate msimamo, badala ya kukataa shahada nzima kwa ajili ya siku tano.

Nimalizie na kazi na fedha, maana hapa ndipo familia zinapodanganyika. Shahada ya baiolojia haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. Nimekutana na wazazi waliouza kiwanja wakiamini binti atakwenda kupima damu Bombo. Anayetaka kazi hiyo aombe sayansi ya maabara za afya, katika vyuo kama Muhimbili, KCMC au Bugando, na akimaliza asajiliwe na baraza la taaluma hiyo. Anayetaka kufundisha achague shahada iliyoambatana na ualimu tangu mwanzo. Walimu wa sayansi wanahitajika, hasa tangu shule za kata zilipotakiwa kujenga maabara mwaka 2014, nyingine zikibaki na vyumba vilivyopigwa rangi bila mtu wa kuvitumia. Anayesoma baiolojia tupu ajue kwamba njia zake ni utafiti, uvuvi, hifadhi, viwanda vya vyakula na udhibiti wa ubora, na kwamba nyingi zitamtaka aanzie chini au aendelee na shahada ya pili. Ni njia halali na nzuri, lakini si fupi.

Kwa mkopo wa serikali, wapo waliojizuia kwa sababu ya ile asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kutunza thamani ya fedha, na masheikh waliitilia shaka ya riba. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, pamoja na faini ya asilimia 10 ya kuchelewa. Marejesho hufanywa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Maombi hufanywa kwa mtandao na yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi. Hiki cha pili ndicho kinachowakwamisha wengi wetu, kwa kuwa tulimzika mzee tukasoma hitima tukasahau kwenda kwa msajili. Aliye na yatima nyumbani aanze kukifuatilia wiki hii, kabla dirisha halijafungwa.